CrystalDiskInfo kwenye seva kuukuu ya ofisi inayoganda ganda: haya ndo maoni yangu

Wenye haraka nawapa jibu kabisa. Kama ofisini kwako kuna seva ya siku nyingi na imeanza kuganda ganda, kabla hujapiga Windows upya, kabla hujaenda kusaka mazabodi Kariakoo, weka CrystalDiskInfo uangalie hali ya diski. Ni ya bure, ni ndogo, huhitaji hata kuiinstoo, unapakua ile ya zip unaifungua unaiendesha kama administreta basi. Naipa nyota nne na nusu kati ya tano na hiyo nusu iliyokatwa nitaisema huko mbele.

Sasa nieleze nimeitumia wapi maana review bila mazingira haisaidii mtu. Ofisi ni ya kliaringi na fowadingi, Kurasini Dar es Salaam, watu siyo wengi. Seva yenyewe ni taua moja imekaa pembeni ya meza ya dada wa akaunti, ina RAM za ECC (zinazojisahihisha makosa madogo), ina diski mbili za kuzunguka za TB 1 kila moja, moja ya Windows na data zote, ya pili ya bakapu. Juu yake kuna Tally, ile programu ya uhasibu, kuna foda la pamoja lenye skani za bili za meli, invoisi, nyaraka za forodha, yaani kazi yote ya ofisi iko mle. Windows yake ni Server 2012 R2 ambayo sapoti ya nyongeza (extended) Microsoft walishaifunga tarehe 10 Oktoba 2023, na CrystalDiskInfo inapiga kazi mle bila shida yoyote, hiyo ni pointi ya kwanza naipa, maana programu nyingi sa hivi ukiziweka kwenye Windows ya zamani zinakukatalia mlangoni.

Tatizo lilikuwa hivi. Katikati ya kazi, hasa asubuhi watu wote wakishaingia, seva inaganda. Siyo skrini ya bluu, siyo kuzima. Dada wa akaunti anasevu vocha kwenye Tally, kompyuta yake inakaa kimyaaa, anaita "kaka imeganda tena!", na wa dirishani naye anasema faili halifunguki. Ukienda kwenye seva yenyewe mausi inatembea, saa inatembea, ila ukibonyeza Start hakuna kinachofunguka. Baada ya dakika kadhaa inaachia yenyewe kama hakuna kilichotokea, siku nyingine haiachii mpaka uizime kwa kitufe, na hapo ndo data za Tally zinaanza kuharibika.

Mafundi waliopita kila mmoja na lake. Mmoja alisema mazabodi imechoka inunuliwe nyingine, mwingine alisema ni virusi, mwingine alitaka apige Windows upya siku hiyohiyo. Siwalaumu sana kwa sababu kuganda kuna sababu nyingi kweli, lakini hakuna hata mmoja aliyefungua kitu akaangalia. Na seva inakuwa inakwambia yenyewe inaumwa wapi ukiisikiliza vizuri.

Kitu cha kwanza cha kuangalia wakati imeganda, usiizime kwanza. Nenda kompyuta nyingine uipige ping, ile amri ya kuulizia kama mashine inajibu kwenye netiweki. Kama inajibu vizuri, na mausi kwenye seva inatembea, ila mafaili hayafunguki, basi prosesa iko hai, RAM inafanya kazi, netiweki iko hai, ila kila anayeomba kitu kwenye diski amekaa kwenye foleni anasubiri. Kama hata ping haijibu, mausi imekufa, ukibonyeza Caps Lock taa ya kibodi haiwaki, hapo ni kuganda kwa aina nyingine kabisa, angalia RAM, pawa saplai, joto au mazabodi. Ya kwetu ilikuwa inajibu ping kila mara, na taa ya diski mbele ya kesi imewaka moja kwa moja haipepesi. Mwenye uzoefu akisikia hivyo tu anajua aende wapi.

Ndo nikaifungua CrystalDiskInfo. Ukiifungua inachukua sekunde chache, juu kabisa inakupangia diski zako na rangi: bluu ni Good, njano ni Caution, nyekundu ni Bad. Diski ya bakapu ilikuwa bluu. Diski kuu ya kazi ilikuwa NJANO. Kulia juu kuna Power On Hours, yaani jumla ya masaa diski iliyofanya kazi tangu izaliwe, ilikuwa imepita kidogo masaa 60,000. Mwaka mmoja una masaa 8,760 kwa hiyo gawanya mwenyewe, hiyo ni karibu miaka saba ya kuzunguka usiku na mchana. Chini kuna jedwali, na mstari wenye nukta ya njano ulikuwa ule wa C5, Current Pending Sector Count, na kwenye safu ya Raw Values imeandikwa 000000000018.

Hapo sasa ndo sehemu ya ile nusu nyota niliyoikata. Hiyo 18 siyo kumi na nane. Programu inaonyesha namba kwa heksadesimali (kuhesabu kwa 16 badala ya 10) tangu unapoiweka, kwa hiyo 18 ya pale ni 24 ya kwetu. Mtu asiyejua anasoma namba siyo, na kuna wengine wanaona herufi kama A na F katikati ya namba wanadhani diski imechanganyikiwa. Dawa yake ipo, nenda Function, halafu Advanced Feature, halafu Raw Values, chagua 10 [DEC], namba zote zinageuka za kawaida. Kwa maoni yangu ingetakiwa iwe hivyo kuanzia mwanzo, watumiaji wengi wa hii kitu siyo watu wa programing.

Haya, sekta 24 tu kati ya karibu bilioni mbili zilizoko kwenye diski ya TB 1, zinagandishaje seva nzima? Hili ndo nataka watu walielewe maana ndo linalowapoteza mafundi wengi. Pending maana yake ni sekta ambayo diski ilijaribu kuisoma ikashindwa, ikaiwekea alama kwamba hii ina mashaka. Diski ya kuzunguka ya kompyuta za kawaida ikikutana na sekta ya hivyo haikati tamaa mapema, inarudia kusoma palepale tena na tena, kama mtu aliyeshika barua iliyolowa maji, anarudia mstari uleule akitumaini herufi zitaonekana. Muda wote huo haimhudumii mtu mwingine. Windows nayo kwa kawaida inaisubiri mpaka sekunde 60 kabla ya kuamua kwamba ombi limekwama, halafu inaweza kuomba tena. Sasa fikiria Tally imeomba, foda la pamoja limeomba, antivairasi nayo inapekua, wote kwenye diski moja. Ndo maana unapata kuganda kwa dakika kadhaa halafu ghafla kila kitu kinaachia kwa pamoja.

Diski za kazi ya seva na za NAS (kisanduku cha kuhifadhi mafaili kwenye netiweki) zimetengenezwa zikate tamaa mapema, kwa kawaida baada ya kama sekunde 7, zinasema hii imeshindikana, kazi inaendelea. Western Digital wanauita mfumo huo TLER, Seagate wanaita ERC, ni kitu kilekile. Ukiwa na smartctl, programu ya bure ya kuandika amri inayosoma hali ya diski, unaweza kuiuliza diski yako kama inao kwa amri ya smartctl -l scterc, na kama inaukubali unaiwekea scterc,70,70 ambayo ni sekunde 7 za kusoma na 7 za kuandika, maana namba inahesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde. Diski nyingi za mezani hazikubali. Na ofisi ndogo nyingi za kwetu, tuseme ukweli, diski ikifa kwenye seva inawekwa yoyote iliyopatikana dukani, kwa hiyo haya mambo ya kuganda yatakuwepo sana.

CrystalDiskInfo peke yake hata hivyo haikuonyeshi kwamba ile sekta ndo iliyogandisha seva saa nne asubuhi. Inakupa hali ya diski, haikupi tukio. Ili ushikilie vizuri fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, Windows Logs, System, angalia muda uleule watu waliolalamika. Kwetu kulikuwa na Event 153 ya disk inayosema ombi la kwenye anwani fulani limerudiwa, na Event 129 ya storahci (draiva ya Windows ya diski za SATA), "Reset to device, \Device\RaidPort0, was issued". Hiyo 129 ndo Windows ikisema nimechoka kusubiri nimeiriseti diski. Ukiona 129 na 153 zimepangana saa zilezile za kuganda na C5 haiko sifuri, usitafute mchawi. Ukiona Event 7 inayosema bad block ndo kabisa. Ila ukiona WHEA-Logger, ripoti ya Windows ya makosa ya vifaa, hapo ni habari ya vifaa vingine, prosesa, RAM au njia ya PCIe, diski inaweza kuwa haina kosa.

Kuna watu wataniambia sekta 24 ni chache diski bado inadai. Google mwaka 2007 walitoa utafiti wa diski zaidi ya laki moja walizokuwa wakizitumia wenyewe, na walichokikuta ni kwamba diski ikishapata kosa la kwanza la skani (kosa inalokuta inapojikagua yenyewe), uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 zaidi ya zile zisizo na kosa. Mara thelathini na tisa! Kwa hiyo njano ya CrystalDiskInfo siyo ya kuangalia ukasema nitaishughulikia mwezi ujao. Programu yenyewe inageuka njano C5 ikifika hata 1, wapo wanaolalamika kwamba inatisha watu bure, mimi naona wamefanya sawasawa kabisa na nisingependa wabadilishe.

Utafiti huohuo lakini una upande wa pili na nausema ili mtu asije akanilaumu: zaidi ya nusu ya diski zilizokufa, asilimia 56, hazikuwa na dalili hata moja kwenye zile alama nne nzito za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe. Kwa maana hiyo bluu siyo cheti cha afya. Njano inakwambia kimbia, bluu haikwambii lala. Diski ya bluu inayotoa mlio wa tik tik na kuchelewa kuamka bado ni mgonjwa, fuata masikio yako. CrystalDiskInfo haifanyi jaribio la kupita diski nzima, inasoma tu rejista ya diski yenyewe. Sekta mbovu ambayo hakuna aliyeigusa mwaka mzima haitahesabiwa mpaka siku itakapoguswa, na mara nyingi siku hiyo inakuwa ni ya bakapu. Kwa jaribio refu tumia smartctl -t long au GSmartControl kama hupendi kuandika amri.

Na tafadhali sana, ukiona C5 usikimbilie chkdsk /r, ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Najua ndo ushauri wa kila mahali. chkdsk /r inapita diski yote sekta kwa sekta, diski iliyochoka unaitesa masaa kwa masaa wakati data bado ziko palepale, inaweza kufia mikononi. Toa data kwanza.

Tulivyotoa sisi: SSD mpya ya TB 1, hakikisha siyo ndogo kuliko diski ya zamani hata kwa baiti chache, flashi yenye SystemRescue (Linux ya uokoaji unayowashia mashine), halafu GNU ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Uzuri wa ddrescue ni kwamba inapita kwanza inachukua vyote vinavyosomeka kwa urahisi, sehemu ngumu inaziruka, halafu ndo inazirudia baadaye, na inaandika ramani ya ilipofikia ili umeme ukikatika usianze upya (na ramani hiyo usiisevu kwenye diski mgonjwa). Hapa CrystalDiskInfo ilisaidia tena kwa njia ambayo watu huwa hawaisemi: inaonyesha siriali namba ya kila diski. Kabla ya kubonyeza Enter kwenye ddrescue linganisha siriali na kibandiko cha diski, kwa sababu ukigeuza chanzo na mwisho umeandika matupu juu ya data za ofisi na hakuna wa kukusaidia. Zoezi liliisha na vipande vidogo tu havikusomeka, chkdsk tukaifanyia kwenye SSD siyo kwenye diski mgonjwa, vilikuwa ni skani za zamani ambazo bakapu ilikuwa nazo.

Kuganda kukaisha. Na seva ileile ambayo mtu alitaka ibadilishwe mazabodi sa hivi Tally inafunguka haraka mpaka dada wa akaunti anauliza mmenunua mpya? Poti zake ni SATA za zamani za Gb 3 kwa sekunde, wala haijalishi, kwa mafaili madogo madogo mengi faida ya SSD siyo mwendo wa juu, ni kwamba hakuna sindano ya kutembea kutafuta.

Diski ya bakapu nayo ilikuwa na lake. Ilikuwa bluu, ila mstari wa C7, UltraDMA CRC Error Count, ulikuwa na namba. Watu wakiona hapa wanaitupa diski, siyo lazima. CRC mara nyingi ni mawasiliano kati ya diski na mazabodi, yaani kebo ya SATA, na kebo ni kitu cha bei ya chai. Hiyo hesabu hairudi sifuri hata ukirekebisha kwa hiyo unaiandika pembeni, unabadilisha kebo, unasubiri uone kama inaongezeka. Yetu imesimama palepale. CrystalDiskInfo haikuelezi haya, inakuachia namba tu, na hapo pia nimekata kidogo kwenye ile nusu nyota. Mtu mgeni anahitaji mistari miwili ya maelezo kwa kila alama, na ndani ya programu hakuna.

Upungufu mwingine wa kuujua kabla hujajaza matumaini: kama seva yako ina kadi ya RAID yenyewe, zile zinazokusanya diski zikaonekana moja, mara nyingi CrystalDiskInfo haitaona diski za nyuma ya kadi, au itaona kitu kisichoeleweka. Siyo kosa lao sana, kadi ndo inaficha. Kwa kadi za ukoo wa MegaRAID smartctl inapita kwa -d megaraid,0 halafu 1 na kuendelea, au tumia programu ya kadi yenyewe. Na kwenye kupakua, chagua toleo la Standard. Yale ya Shizuku na Kurei Kei ni programu ileile ila imepambwa picha za katuni za Kijapani na faili lake ni kubwa zaidi, kwa ofisi haina haja. Angalia pia matangazo kwenye kurasa za kupakua, kuna vitufe vinavyong'aa vimeandikwa Download ambavyo siyo vyenyewe.

Kwa wale ambao ping yao haijibu na CrystalDiskInfo yote bluu, nimesema hiyo ni njia nyingine, nitaipitia haraka. MemTest86+ ya kupima RAM ni ya bure, toleo la 6 la mwaka 2022 ndo lilileta UEFI (mfumo wa kisasa wa kuwashia kompyuta), iache usiku kucha, kosa hata moja ni RAM ya kutoa. Kwenye seva za ECC kumbuka kosa dogo linasahihishwa kimya kimya kwa hiyo angalia na WHEA. Fungua kesi, pale Kurasini vumbi la malori peke yake linatosha kuziba feni, piga blowa ukiwa umeshika feni isizunguke. Angalia kapasita kwenye mazabodi na pawa saplai, zile zilizovimba kichwani au kutoa uteute zimekwisha. Pima pia UPS, betri ikichoka TANESCO wakipepesa kidogo tu seva inaweza kuganda badala ya kuzima.

Nirudi kwenye review. Kitu ambacho kimenifanya niiache CrystalDiskInfo mle ndani moja kwa moja ni kwamba inaweza kukaa inalinda. Function, washa Resident na Startup, inakaa chini kulia karibu na saa inaonyesha joto la kila diski, na kwenye Alert Features kuna Mail, unaijaza anwani, hali ikibadilika inakutumia barua pepe. Joto nalo kwa diski za kuzunguka inageuza rangi likifika 50, na kwa chumba kisicho na kiyoyozi Dar mwezi wa pili utaiona hiyo rangi, sogeza seva mbali na ukuta. Kwa mail jaribu kwanza kutuma ya majaribio kabla hujaiamini, huduma nyingi za barua pepe siku hizi zinataka nywila maalum ya programu siyo ile unayoingilia wewe, usipoiweka hiyo barua haitoki na hutajua mpaka siku unayoihitaji.